Nashafa ya Umm Nasir

Vijana wa karakana, picha mliyonitumia nimeiona. Nimeikuza mpaka ikawa ukungu mtupu, nikavaa miwani, nikaitazama tena. Mnauliza kama huo waya mwekundu uliounganishwa kule nyuma una ubaya wowote, maana mteja anasema mashine inafanya kazi vizuri nao. Ukateni leo, kabla hamjanywa chai. Halafu kaeni mnisikilize, kwa sababu mlinisumbua muda mrefu niwaandikie habari za kazi, na sasa nimestaafu, niko nyumbani Voi, sina la kufanya ila kumwagilia sukuma wiki na kubishana na mke wangu kuhusu namna ya kuanika shuka.

Wakenya wenzangu wengi kule Saudia ni madereva na walinzi. Mimi maisha yangu yamepita nikiwa nimepiga magoti nyuma ya mashine za kukaushia nguo, ambazo dukani tuliziita nashafa kama wenyeji. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi, iliniandika fundi wa umeme. Umeme niliokuwa naujua siku naingia Jeddah ni wa pasi na redio, lakini hilo hakuna aliyeniuliza uwanja wa ndege.

Karakana yetu ya kwanza ilikuwa Sharafiya, nyuma ya maduka ya simu, mahali ambapo harufu ya kuku wa kukaanga inakukuta asubuhi na kukusindikiza jioni. Aliyenipokea ni mzee mmoja wa Kizanzibari tuliyemwita Ami Seif. Familia yake ilihamia Jeddah baada ya Mapinduzi, yeye akiwa mtoto, na Kiswahili chake kilibaki palepale kilipoondokea. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana, na hakupenda fundi anayeongea huku ameshika bisibisi.

Siku ya kwanza nilidhani atanipa mita ya kupimia umeme. Alinipeleka nje ya nyumba ya mteja, kwenye uchochoro, akanionyesha tundu ukutani ambamo bomba la nashafa hutokea.

"Weka mkono hapo," akaniambia. "Wahisi nini?"

"Joto, Ami."

"Joto tu? Hebu usinifanyie haraka. Wahisi nini?"

"Upepo. Wenye majimaji."

"Basi hiyo ndiyo pumzi yake. Usifungue mashine ya mtu kabla hujaijua pumzi yake."

Nashafa, kwa wasioijua, ni pipa linalozunguka na feni inayovuta hewa ya moto, kuipitisha kwenye nguo na kuitoa nje kupitia ukuta. Njiani hewa hiyo hubeba manyoya ya nguo, zile nyuzi laini mnazozikuta kwenye chujio. Manyoya hayo yakijazana, hewa haitoki. Hewa isipotoka, joto linabaki ndani, na manyoya makavu yanashika moto upesi kuliko karatasi. Kwa hiyo watengenezaji waliweka kule nyuma kidude kidogo kama kifungo cha koti, fyuzi ya joto, ambacho kazi yake ni moja tu: kufa mapema. Joto likizidi, fyuzi inakatika, mashine inakufa nayo, nyumba inapona. Fundi mvivu akikuta fyuzi imekatika anaunganisha waya mahali pake. Mashine inafufuka, mteja anafurahi, na fundi anasifiwa. Ndio huo waya mlionitumia.

Ami Seif alikuwa na desturi moja iliyonikera. Akishamaliza kazi, hakumfuata mwenye nyumba kumweleza. Alimwita dada wa kazi, awe Mfilipino, Mhabeshi au Mkenya, akampeleka kwenye tundu la ukutani na kumwambia aweke mkono. Kama hawakuwa na lugha moja, alimwonyesha kwa ishara. Mimi nilikuwa nasimama kando na sanduku la vyombo, jua linanichoma, najiuliza tumeajiriwa kutengeneza mashine au kufungua shule.

"Ami, si tumwambie madam, yalla twende?"

"Madam haijui hii mashine ilipo," akajibu. "Mwambie anoitumia. Huyo ndiye atakayekuwa nayo siku ikiharibika."

Nilimfuata kwa shingo upande, kisha nikazoea, kisha nikajikuta siwezi kuondoka kwenye nyumba bila kufanya hivyo. Jeddah ilinifundisha unyevu: manyoya yanashikana ndani ya bomba kama uji uliolala, na vyuma vinakula kutu. Ami Seif alipofariki, tulimzika asubuhi na mchana nikaenda kazini, kwa sababu yeye mwenyewe angenisema nisingeenda. Nililia ndani ya gari la kazi. Baada ya hapo kafili, mdhamini aliyetuajiri, akaihamishia karakana Riyadh, nami nikahama nayo, nikaanza kujifunza upya, maana Riyadh haina unyevu bali ina vumbi.

Sasa nawaleta mtaa wa Suwaidi, hapo hapo Riyadh, kwenye nyumba ya Umm Nasir.

Nilipigiwa simu na mwanawe, Nasir, ambaye nilimwita bosi kama ada. Nashafa yao ilikuwa inalia. Niliingia kwa utaratibu mnaoujua, nikapaza sauti "tarig!" mlangoni ili wanawake wapishe, nikangoja, nikaruhusiwa kupanda. Kabla sijafika ngazini, sauti ya mwanamke mzee ikatoka nyuma ya mlango wa sebule uliokuwa wazi kidogo.

"Muhandis, mgonjwa wangu anaumwa nini?"

"Bado sijamwona, mama."

"Magurudumu ya nyuma. Mimi namsikia kutoka hapa. Magoti yangu yamekataa ngazi, lakini masikio bado mazima."

Alikuwa sahihi. Nashafa ilikuwa juu kabisa, kwenye chumba cha kufulia kilichojengwa juu ya paa, mashine nzito ya zamani iliyonunuliwa na marehemu mumewe. Mwanawe alikuwa ameshajitolea kununua mpya mara nyingi na mama mtu akakataa. Magurudumu ya kubeba pipa yalikuwa yamelika. Nikafungua mgongo wa mashine nibadilishe, na pale pale nikaona waya. Mwekundu, kama huo wenu, umefungwa kwa plasta iliyoanza kuyeyuka.

Niliweka bisibisi chini, nikatazama ukutani. Kando ya chumba kile, ukuta mmoja tu katikati, kulikuwa na chumba cha dada wa kazi. Mlango wake ulikuwa unapitia mle mle kwenye chumba cha kufulia. Kitanda chake kilikuwa kimeegemezwa ukuta ambao nyuma yake ndipo mashine ilipokaa. Siku moto ukitoka pale, yeye hana njia nyingine ya kupita.

Alikuwa anaitwa Dorcas, binti wa Bungoma, mwembamba, mwenye haraka ya kujibu "sawa" kabla hujamaliza sentensi. Aliposikia Kiswahili changu alicheka kwa sauti, halafu akajifunika mdomo.

Nikautoa waya, nikaweka fyuzi mpya, nikamwonyesha bosi nilichokitoa. Akakunja uso.

"Ilikuwa inafanya kazi na huo."

"Ilikuwa inafanya kazi, bosi. Ila siku ikichoka haitasimama."

"Mimi nimekuita kwa kelele."

Nikamaliza kelele. Nikampeleka Dorcas nje ya ukuta, juu pale pale paani, nikamwambia aweke mkono kwenye tundu. Nikaona kifuniko cha nje, kile kibao kinachofunguka hewa ikitoka na kujifunga ikikoma, kimevunjika. Cha saizi ile hakitengenezwi tena. Nikamwambia nitakitafuta.

Haikupita muda mrefu simu ikaja: mashine imekufa. Nikaenda, fyuzi imekatika. Nikasafisha bomba lote, nikalipuliza, nikaweka fyuzi nyingine. Baada ya muda ikakatika tena. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi, kwa sababu fyuzi haikatiki kwa kununa. Chujio lilikuwa safi, feni nzima, bomba jeupe ndani. Kila nilipofika hewa ilitoka vizuri kabisa. Nilipoondoka, kitu kikaibana pumzi.

"Muhandis," bosi akaniambia safari ile, na hakutabasamu, "yule wa kwanza alitengeneza mara moja. Wewe umekuja mara ngapi? Rudisha waya."

"Siwezi, bosi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

"Nitazungumza na kafili wako."

Nilijua maana yake. Kafili akikasirika, ikama yangu iko mikononi mwake, na umri wangu haukuwa wa kuanza mahali pengine. Nikiwa narudisha skrubu kwa haraka, nikaangusha moja chini ya mashine. Nikalala kifudifudi kuitafuta. Bomba nilikuwa bado sijalirudisha, na kutoka pale chini nikaona, kupitia ukutani, kwenye ukingo wa nje wa lile tundu, nyuzi mbili tatu za pamba, za rangi ya manjano na zambarau. Manyoya ya nashafa huwa ya kijivu, kwa hiyo zile hazikutoka ndani. Kuna mtu alikuwa anasokomeza nguo mle kutokea nje.

Bosi aliposhuka nikamwita Dorcas.

"Dada, hili tundu linazibwa na nani?"

"Haizibwi, mzee."

"Nimeona nyuzi."

"Sijui, mzee. Labda ni njiwa."

"Njiwa wa Riyadh wanavaa leso kama hiyo uliyojifunga?"

Alinitazama macho yakamjaa machozi, na nikajuta kumtania. Nikajua. Kifuniko kimevunjika, ghubari, ile dhoruba ya mchanga, ikivuma vumbi linaingia kwa tundu mpaka ndani ya pipa, nguo safi zinatoka na mchanga, na anayetukanwa ni yeye. Kwenye miji ile kila mtu anaziba kila upenyo vumbi likija, chini ya milango, pembeni ya madirisha. Yeye aliona tundu akaliziba. Niliposikika ninapanda, alilizibua. Hakuweza kukiri, kwa sababu bosi alikuwa ameshasema mbele yake kwamba atakayeiharibu mashine ya mama atapelekwa kituo cha polisi kwanza, halafu uwanja wa ndege.

"Sitamwambia mtu," nikasema. "Lakini usizibe tena. Ukiiwasha mashine, weka mkono hapa nje. Usiposikia upepo, izime. Na usiiache ikizunguka peke yake."

"Sawa, mzee."

Ilikuwa ile sawa ya mtu anayeogopa. Nikabandika namba yangu ya simu ubavuni mwa mashine, nikaondoka nikiwa nimeazimia kupata kifuniko hata kama ni cha kukichonga.

Bosi hakunipigia tena. Nilidhani ni heri, mpaka Dorcas aliponitumia ujumbe wa sauti, mchangamfu kabisa: "Mzee, usijali sasa, kuna fundi mwingine alikuja akaunganisha tu kawaya, na mashine iko poa. Bosi amefurahi."

Niliusikiliza nikiwa nakula na chakula kikanishinda. Nikampigia bosi, akasema yuko kwenye mkutano. Nikampigia tena, hakupokea. Nikaenda kwa kafili, nikamweleza kwamba pale kuna binti anayelala nyuma ya jiko lisilozimika. "Mafi mushkila," akasema, yaani hakuna shida, "mashine si yetu, fundi si wetu. Halas, yamekwisha." Nikampigia Dorcas nikarudia yote, akaitikia sawa, sawa, sawa. Tangu hapo kila asubuhi nilipoamka nilitazama kwanza rangi ya mbingu, nijue kama vumbi linakuja.

Siku ilipokuja ilikuja mchana. Nilikuwa mtaa wa Dirah, kwenye vibanda vya vipuri vya zamani, nimeinamia kreti la mabaki ya mashine. Mbingu, iliyokuwa na vumbi tangu asubuhi, ikageuka rangi ya chai ya maziwa, wachuuzi wakaanza kufunika bidhaa zao kwa maturubai. Mkono wangu ukagusa kifuniko cha saizi ile ile, cha bati, kizima. Nilikuwa nakifuta kwa shati simu ilipolia.

"Mzee, hii mashine inanuka. Inanuka kama kitu inaungua."

"Uko wapi?"

"Niko jikoni. Harufu inatoka juu. Bosi na mke wake wako Jeddah, niko na mama pekee yetu."

"Tundu umeliziba?"

Nikasikia anavuta kamasi.

"Dorcas, sikugombezi. Umeliziba?"

"Asubuhi. Vumbi ilikuwa mbaya. Nikasahau kutoa."

"Sikiliza. Usipande juu. Sanduku la swichi za umeme liko wapi?"

"Hapa kwa korido."

"Zima ile kubwa. Zote zizime. Sasa hivi."

Nikasikia viatu vikikimbia, halafu mlio wa swichi. "Nimezima. Mzee, nimeona moshi kwa ngazi. Wacha niende nitoe nguo, abaya ya mama iko ndani..."

"Usifungue mlango wa mashine!"

Nilipiga kelele mpaka watu wa kibandani wakageuka. Ndani ya pipa lililofungwa moto unakosa hewa na kusinzia. Ukifungua mlango unaupa ulichokuwa unakitafuta, na uso wako uko pale pale.

"Acha nguo ziungue. Mtoe mama nje, upige zimamoto. Mlango wa mbele hauna kufuli?"

"Uko wazi. Lakini mama hatoki. Amekataa. Anasema hawezi toka bila abaya na nimeziosha zote leo, ziko kwa mashine."

Nilifunga macho. Mnaijua nyumba ya namna ile. Mwanamke mzee wa heshima, jirani wanaume wako barabarani, hawezi kutoka kichwa wazi, bila lile joho lake jeusi, hata nyumba ikimwangukia. Kwa Kiarabu, kule nyuma, nilimsikia akisema kwa utulivu kwamba ataketi pale pale mpaka abaya yake iletwe.

"Una nini cha kumfunika? Shuka, pazia, chochote kilicho chini."

"Leso yangu. Niko nayo hapa, nimejifunga."

"Mfunike. Mwambie ni mimi nimesema. Mwambie muhandis amesema mgonjwa wake amekufa, asife naye."

Simu ikakatika.

Niliendesha gari kutoka Dirah hadi Suwaidi katika lile vumbi, taa zimewashwa mchana, sioni zaidi ya gari la mbele. Nilipiga simu yake kwenye kila taa nyekundu. Haikupokelewa. Nataka mjue hofu ile, kwa sababu mnaulizana kuhusu waya kana kwamba ni suala la ladha. Nilimwona Dorcas akipanda ngazi. Nilimwona akigeuka kufuata abaya, kwa sababu amezoea kwamba kitu cha bosi kina thamani kuliko yeye. Nilisali kwa sauti, nikamwita na Ami Seif humo humo katikati ya sala, ingawa yeye alikuwa Mwislamu na mimi ni wa Anglikana, na sidhani kama kuna aliyejali.

Nilipokata kona ya mtaa wao zimamoto walikuwa wameshafika, bomba lao limepanda ukutani hadi paani. Kando ya geti la jirani palikuwa na kiti cha plastiki, na juu ya kiti ameketi bibi mnene kidogo, amejitanda kichwani mpaka magotini leso ya manjano yenye maua ya zambarau, macho tu yanaonekana. Dorcas alikuwa amechuchumaa ardhini, ameshika ncha ya leso ile kwa mikono miwili vumbi lisimfunue mama. Simu yake aliiacha jikoni.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara. Dorcas akaniona.

"Mzee, nimeharibu kila kitu," akasema.

Chumba cha kufulia kiliungua dari na ukuta. Kitanda cha Dorcas kiligeuka masizi upande wa kichwani. Kama ingekuwa saa ya kulala, nisingekuwa naandika haya.

Bosi alirudi kutoka Jeddah siku iliyofuata na akaniita. Nilidhani ananiitia kazi ya kuitoa mashine. Kumbe alitaka shahidi. Alikuwa amesimama sebuleni, mama yake ameketi kwenye godoro la kuegemea nyuma ya pazia jepesi, Dorcas yuko mlangoni mikono nyuma. Mkoba wake ulikuwa pembeni ukutani, umeshafungwa. Bosi alishika kitambaa kilichoungua nusu, ambacho zimamoto walikichomoa kwenye tundu. Rangi za manjano na zambarau zilionekana bila shida. Leso huuzwa vipande viwili vilivyo pacha, kila mtu wa kwetu anajua. Kimoja Dorcas alikuwa amekiunguza kwa pasi zamani akakigeuza tambara. Kingine alikuwa anajifunga.

"Muhandis, sema mbele ya mama. Hiki ndicho kilichosababisha moto?"

Kusema hapana ni uongo ambao mtu yeyote angeuona.

"Hicho, bosi, na waya. Tundu likizibwa, fyuzi inakatika na mashine inazima. Hapa fyuzi haikuwepo."

"Nimeuliza kuhusu kitambaa." Akamgeukia Dorcas. "Hiki ni cha nani?"

Dorcas alifungua mdomo. Akautazama mkoba wake. Nilikuwa nimeshaanza kujipanga niseme nini polisi wakija.

"Changu," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Bosi akageuka. "Mama?"

"Changu, nimekwambia. Mwenzake hiki hapa, nimekivaa." Mkono wake ukatoka nje ya pazia umeshika ncha ya leso, maua yale yale. Hakuwa ameivua tangu jana. "Vumbi lilinikera. Nikapanda nikaliziba lile tundu kwa mkono wangu. Kuna mwenye neno?"

Bosi alimtazama mama yake, halafu akazitazama ngazi, zile ngazi ndefu nyembamba ambazo mama yule hakuwa amezikanyaga tangu mumewe akiwa hai. Sote tulizitazama. Uongo ulikuwa umekaa katikati ya sebule, mkubwa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuugusa.

"Mimi nimeshasema la kwangu," akaendelea. "Tundu niliziba mimi. Na waya je, Nasir? Waya nani aliagiza uwekwe?"

Bosi alikikunja kile kitambaa polepole mpaka kikawa kidogo kiganjani. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Halas, mama," akasema.

"Halas," akajibu mama. "Mwambie binti arudishe mkoba wake. Na asilale kule juu tena, atalala chumba cha karibu na changu. Namhitaji usiku."

Niliitoa mashine ile vipande vipande. Nilimuuliza Umm Nasir kama angependa abaki na kitu chake chochote, akaomba kitasa cha kuwashia, akakiweka kwenye sahani ya tende. Bosi alinunua nashafa mpya, ndogo, isiyo na sauti, na akanipigia mimi niifunge, bila kutaja habari ya kafili wala ya fundi mwingine. Ilikuwa karibu kazi yangu ya mwisho kabla sijastaafu. Nilipaka ukuta rangi mwenyewe kuzunguka tundu, nikafunga kile kifuniko cha bati nilichokitoa Dirah. Nikakichezesha kwa kidole, kikafunguka, kikajifunga vizuri.

Kisha nikawasha mashine, nikamwita Dorcas, akaja paani bila kuambiwa la kufanya. Akapeleka mkono kwenye tundu na kuuacha pale kwa muda. Akainama kwenye ngazi akapaza sauti kwa Kiarabu chake cha jikoni:

"Mama! Inapumua!"

Kutoka chini kabisa sauti ya mzee yule ikapanda, kali, na nilivyoijua ilikuwa inazuia kicheko.

"Vizuri! Basi tundu lisizibwe tena. Mimi kupanda huko mara ya pili siwezi!"